Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya: Muulizeni Mzee Kichwa Kilianza Kuuma Saa Ngapi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya, Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, Waganga Wafawidhi wa hospitali zetu, na wasimamizi wa bima ya afya.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 67, niliyefundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka 34, kisha nikarudi kijijini kwetu Nyanda za Juu Kusini kulima maharage na kufuga kuku. Siandiki kumshtaki mtu. Wahudumu karibu wote niliokutana nao katika safari nitakayoieleza walinisalimia kwa heshima, na jina la kituo chochote sitalitaja, kwa kuwa jambo ninalolileta kwenu linatokana na utaratibu, na utaratibu unapangwa na kubadilishwa na ninyi.

Ijumaa moja ya mwezi wa Juni mwaka jana, saa 4 na dakika 10 asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka barazani, nikiota jua kwa sababu ya baridi ya msimu ule, nikichambua maharage kwenye ungo. Sikuwa na homa, na usiku nilikuwa nimelala vizuri. Nilipoinama kuokota kokoto lililodondoka, nilipigwa kisogoni. Naandika kwamba nilipigwa kwa kuwa ndivyo nilivyoamini wakati ule: niligeuka nimtazame aliyenipiga na mchi, na nyuma yangu palikuwa na ukuta mtupu. Ungo ukaniponyoka, maharage yakatapakaa, na kabla sijamaliza kumwita mkwe wangu, maumivu yalikuwa yamefika mahali ambapo hayawezi tena kuzidi. Nimezaa watoto wanne na uchungu naufahamu, lakini uchungu wa uzazi huja na kupungua, ukakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Haya yalikuja yote kwa mara moja na hayakuondoka. Nikatapika mara mbili, na shingo ikakakamaa hata nikashindwa kuinamisha kidevu kifuani.

Saa 4 na dakika 40 bodaboda ilitufikisha kwenye zahanati. Tabibu aliniuliza ninaumwa nini, nikajibu: kichwa. Akaandika kwenye daftari lake maneno matatu, "maumivu ya kichwa", na maneno hayo yalinifuata siku nzima, yakinakiliwa kutoka fomu moja hadi nyingine, bila yeyote kuongeza neno la nne. Nilipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, sikuwa nayo. Nilipimwa presha, ikaonekana 190 kwa 110, na hapo kila mtu akaridhika kwamba chanzo kimepatikana: presha ya mama imepanda, ndiyo maana kichwa kinauma. Baadaye nilielezwa na daktari kwamba mambo yanaweza kuwa kinyume chake kabisa, yaani damu inapovuja kichwani, maumivu yale na shinikizo ndani ya fuvu ndivyo vinavyoipandisha presha, hivyo anayetibu presha peke yake anaweza kuwa anatibu moshi huku moto ukiendelea. Nilipewa vidonge vya maumivu na barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

Huko tulifika saa 6 na dakika 50 mchana. Kwanza lilikuwepo dirisha la usajili, ambako mwanachama wa bima huthibitishwa kwa alama za vidole. Vidole vyangu vimeshika chaki kwa miaka 34 na jembe kwa saba, na siku ile vilikuwa vinatetemeka na kuloa jasho. Binti aliyekuwa dirishani alikuwa mpole. "Bibi, futa kidole, weka tena," alisema, na nikafuta kwenye khanga, nikaweka tena, nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubao wa dirisha kwa kuwa mwanga wa nje ulikuwa unanichoma macho. Kilisoma mara ya sita. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja, mkulima, ambaye mikono yake ilikuwa imesuguliwa na kazi hata mistari ya vidole ikafutika, na nilipoondoka pale bado alikuwa anaambiwa afute tena. Juu ya dirisha hilo lilibandikwa bango linalowataka watu wampishe mzee apate huduma kwanza. Watu walinipisha kweli, Mungu awabariki. Mashine ya vidole ndiyo haikunipisha.

Nilikaa kwenye benchi hadi saa 9 na robo alasiri, ndipo nikaingia kwa daktari kijana, ambaye nadhani hakuwa na miaka 30. Alisoma yale maneno matatu kwenye fomu, akanitazama, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu asubuhi: "Bibi, yalianzaje? Polepole au ghafla?" Nilipomjibu kwamba yalianza kama kupigwa na mchi, aliweka kalamu chini akasimama. Aliniomba niinamishe kidevu, nikashindwa. Kuanzia dakika ile nilikuwa mgonjwa mwingine kabisa mbele ya macho yake, ingawa kichwa kilikuwa kilekile na fomu ilikuwa ileile.

Yaliyobaki nitayapitia upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama mjamzito, kwa haki kabisa, na tukangoja hadi watoto wangu walipochanga Sh 180,000 kwa simu tukakodi gari la mtu binafsi. Tuliondoka saa 10 na nusu jioni, tukafika hospitali ya mkoa saa 1 na robo usiku. Mashine ya CT, ile inayopiga picha ya kichwa kipande kwa kipande, ilikuwepo, na kitanda nilicholazwa kilitazamana na mlango wa chumba chake. Nililiona kufuli la mlango ule usiku kucha. Mtaalamu wa mionzi anayeweza kuiendesha alikuwa mmoja, alikuwa amemaliza zamu yake ya wiki na kwenda kwao, na siwezi kumlaumu mtu kwa kupumzika baada ya kufanya kazi ya watu watatu. Alirudi Jumamosi, na saa 5 na robo asubuhi picha yangu ikapigwa. Ilionyesha damu kuzunguka shina la ubongo.

Nilihamishiwa hospitali ya kanda, ambako picha ya mishipa haikuonyesha mshipa wowote uliopasuka, na mabingwa wakanieleza kwamba damu yangu ilitoka kwenye vijimshipa vidogo, aina ambayo mara nyingi hukoma yenyewe. Nilikaa siku 12, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Lakini daktari hakunificha: katika wagonjwa wanaovuja damu ya namna hii bila kuumia kichwa, zaidi ya 8 kati ya 10 huwa na mshipa ambao ukuta wake umetuna kama puto na kupasuka, na mshipa huo usipozibwa unaweza kupasuka tena, hatari ikiwa kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Saa hizo 24 nilizimaliza zote kabla sijapigwa picha. Kama ningekuwa miongoni mwa hao wanane, pengine barua hii ingeandikwa na mkwe wangu.

Waheshimiwa, mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo nilipopata nguvu nilikaa na daftari nikapiga hesabu, nikizitoa saa kwenye fomu zangu na kwenye ujumbe wa malipo uliobaki katika simu ya mkwe wangu. Tangu maumivu yaanze hadi picha kupigwa ni saa 25 na dakika 5. Safari zote tatu, pamoja na ile ya bodaboda kwenye barabara mbovu na ile ya gari la kukodi, zilichukua saa 4 na dakika 25. Muda uliobaki, saa 20 na dakika 40, nilikuwa ndani ya kuta za vituo vya afya. Nilirudia hesabu hii mara tatu kwa kuwa sikuiamini. Kwa miaka yote tumeambiana kwamba mzee wa kijijini hufa kwa sababu ya umbali, na mimi mwenyewe nimelisema hilo kwenye mikutano ya kijiji, kumbe katika siku yangu umbali ulikula sehemu ndogo tu ya muda wote.

Hesabu hiyo ina uzito kwa sababu ya saa 6. Picha ya CT ikipigwa kwa mashine ya kisasa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, na ikasomwa na mtu anayeijua kazi yake, ni nadra sana damu hiyo kutoonekana. Kadiri saa zinavyopita damu huchanganyika na maji yanayozunguka ubongo na kuanza kufifia, hata picha ikaweza kuonekana safi kwa mtu ambaye kweli alivuja damu, na hapo hulazimu kutoa maji ya uti wa mgongo, kipimo ambacho watu wetu wanakiogopa kuliko upasuaji na ambacho wazee wengi hukikataa. Toeni saa 4 na dakika 25 za safari kwenye saa 6. Inabaki saa 1 na dakika 35. Mwanakijiji kama mimi, kutoka pale nilipokuwa, kwa barabara zilezile na bila ndege wala muujiza, angeweza kufika kwenye mashine kwa wakati kama vituo vitatu vingegawana dakika 95 kwa busara.

Najua jibu litakalokuja kwanza, kwa kuwa nimeshalisikia: kila anayeumwa kichwa akipelekwa CT, mashine zitakufa kwa mwezi mmoja. Ni kweli, na sijaomba hivyo. Vichwa vingi vinavyouma vinauma kwa uchovu, kwa mafua, kwa kipandauso, kwa njaa. Hata miongoni mwa wanaopatwa na maumivu ya ghafla kama yangu, walio wengi hawana damu kichwani. Ndiyo maana swali ni muhimu kuliko mashine. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitengeneza orodha fupi ya kuwachuja watu hawa, na naiandika hapa kwa sababu haihitaji umeme wala kitendanishi: je, mgonjwa ana miaka 40 au zaidi? Je, shingo inauma au imekakamaa? Je, kuna aliyemwona akizimia? Je, yalianza akiwa katika kazi ya nguvu? Je, yalifika kilele papo hapo? Je, anashindwa kuinamisha kidevu? Penye jibu lolote la ndiyo, mgonjwa huyo achunguzwe zaidi. Mimi nilikuwa na majibu manne ya ndiyo saa 4 na dakika 40 asubuhi, na tabibu wa zahanati angeyapata kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kunichoma kidole kupima malaria.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni dogo kwa gharama. Agizeni kwamba mahali popote inapoandikwa "maumivu ya kichwa" kwa mtu mzima, kuanzia zahanati hadi hospitali ya taifa, iandikwe pia yalianzaje na yalianza saa ngapi. Mama mjamzito anapofika kituoni, jambo la kwanza kuulizwa ni uchungu ulianza lini, na saa hiyo huandikwa kwenye chati na kufuatiliwa hadi mtoto azaliwe. Taifa lilijifunza kumwangalia mama kwa saa yake baada ya kuzika akina mama wengi. Mzee aliyepigwa kisogoni ghafla naye ana saa yake, na ikiandikwa juu ya barua ya rufaa, kila mkono utakaoipokea utajua zimebaki ngapi.

Swali hilo litawafaa wengine zaidi ya sisi tuliovuja damu kama mimi. Yupo mzee aliyeteleza bafuni, akainuka akajiona mzima, na wiki tatu baadaye kichwa kinamuuma na maneno yanamchanganyika. Nyumbani wanasema ni uzee, kumbe damu imejikusanya taratibu chini ya fuvu na ingeweza kutolewa. Yupo pia wa kiharusi. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba kiwango cha kiharusi Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi tajiri, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina manufaa ikitolewa ndani ya saa 4 na nusu. Na nyumbani tunakonunua dawa dukani kabla ya kwenda popote, kampeni ya redio ya dakika moja ingetosha kutuambia kwamba kichwa kikianza kuuma ghafla namna hii mtu asimeze asprini, kwa sababu hupunguza uwezo wa damu kuganda na inaweza kuzidisha uvujaji.

Kuhusu usajili, kwenu wasimamizi wa bima, naelewa kwamba alama za vidole ziliwekwa kuzuia udanganyifu, na udanganyifu ulikuwepo. Lakini mgonjwa wa dharura apokelewe kwanza, apangiwe uzito wa hali yake, na uthibitisho ufuate akiwa kitandani. Kwa mzee ambaye vidole vyake havisomeki, pawepo njia nyingine inayojulikana na kila karani, isiyomtegemea karani kuwa na huruma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kumpa kila Mtanzania kadi. Basi kadi hiyo isitangulie kuliko mwenye kadi.

Kuhusu usafiri, hampo mbali na suluhisho, kwa kuwa mmeshalijenga. Mfumo wa m-mama umeonyesha kwamba simu ya bure kwa namba 115 inaweza kupokelewa, mgonjwa akatafutiwa gari la wagonjwa, na pasipokuwepo gari hilo akapelekwa na dereva wa kijijini aliyeingia makubaliano na kulipwa baadaye. Umeanzishwa kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, na nafasi yao iendelee kuwa ya kwanza. Naomba namba hiyo ifunguliwe hatua kwa hatua kwa dharura nyingine chache zinazopimwa kwa saa, ili kupona kwa mzee kusitegemee watoto wake kuwa na simu zenye salio. Jirani yangu hana mtoto wa kuchangisha Sh 180,000.

Na lile kufuli. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo nafuu wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu yake ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa na kujenga majengo ya dharura, jambo ambalo sisi tuliokuwa tukisafiri hadi Dar es Salaam kwa picha moja tunalishukuru kwa moyo. Idara ya kwanza kamili ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mafunzo ya mabingwa wa fani hiyo yakaanza. Majengo yapo na elimu ipo. Kinachokosekana usiku wa Ijumaa ni mtaalamu wa mionzi wa pili na wa tatu, ratiba ya zamu ya kuitwa kwa simu yenye malipo halali, na mpango wa picha kutumwa kwa bingwa aliye mkoa mwingine azisome usiku uleule. Mashine iliyonunuliwa kwa mabilioni ikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, inatumika saa 40 kati ya 168 za wiki nzima. Magonjwa ya ghafla yamegawanyika katika saa zote 168.

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi wastaafu hasa. Tulipokuwa kazini wengi wetu tuliishi mjini au karibu na barabara, na mkuu wa shule angetafuta gari. Tukistaafu tunarudi kwenye mashamba ya wazazi wetu, mbali na hospitali, katika umri uleule ambao presha na mishipa huanza kutudai. Tena sisi ni kizazi kilicholelewa kupanga foleni na kutolalamika. Nilikaa kwenye benchi lile saa 2 na zaidi nikiwa nimefunga macho, sikupiga kelele, kwa sababu mwalimu hapigi kelele mbele ya watu, na ukimya wangu ulisomeka kama nafuu. Naomba mhudumu aliye mlangoni afundishwe kuwatafuta walionyamaza, apite kwenye mabenchi kila nusu saa na kuuliza.

Nimeomba kukutana na kamati ya usimamizi ya zahanati yetu mwezi ujao, na tabibu amekubali kwamba maswali yale sita niyaandike kwa maandishi makubwa kwenye bango, kwa Kiswahili, yabandikwe juu ya meza yake. Bango la zahanati moja naweza kuligharamia kwa pensheni yangu. Zahanati nyingine zote zinawangoja ninyi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Nyanda za Juu Kusini.